Lakiri ya Stott

Haya yalimpata rafiki yangu Percy Ackroyd, fundi wa vali za usalama. Alinisimulia bila kupandisha sauti, chai ikimpolea mkononi.

Asubuhi ile alikwenda kwenye dobi ya Bi Sugden, mjini Halifax, kukagua boila dogo la mvuke lililoko chumba cha chini. Lilikuwa baridi, halina maji tangu Ijumaa. Akakata lakiri ya risasi iliyopigwa na marehemu Stott, fundi aliyemtangulia, akakuta springi imekazwa kupita kiasi. Siku yoyote boila lingepasuka chini ya miguu ya wapiga pasi. Akaifungua vali yote, akaacha vipande mezani, akapanda kunywa chai.

“Koleo lake la kupigia lakiri liko wapi?” akamuuliza Bi Sugden.

“Tulimzika nalo, mfukoni mwa koti. Hakutaka mtu aiguse kazi yake yule mzee, we acha tu.”

Ndipo mvuke ukalia kule chini, mkali, mrefu, kisha ukakatika ghafla.

Percy akashuka na tochi. Boila bado baridi. Vali ilikuwa mezani, imeunganishwa, springi imekazwa vilevile. Lakiri mpya ilikuwa na alama ya Stott, na ndani ya alama hiyo mlikuwa na udongo mbichi.