Fuvu Halijaribiwi

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Taxco, mji wa masonara wa Meksiko, wakati Eufrasia alipokifunga kidani cha fuvu la fedha kwenye kitambaa chekundu. Alikuwa hajalala siku ya tatu sasa. Mwanawe Nabor, wa miezi mitano, alikuwa anaota meno, na alilia hata majirani wakaacha kumwuliza hali.

“Mfikishie Bibi Herlinda kabla giza halijaingia,” alisema Fidencio, sonara mwenye karakana. “Na usinifanye nirudie, binti.”

“Fuvu halijaribiwi. Nimesikia, fundi. Hata kasuku wa jirani anaijua hiyo.”

“Kasuku hana mtoto mgongoni.”

Alimtilia nusu ya mkate wake mfukoni, akageukia tanuri kana kwamba hakufanya kitu.

Pete hujaribiwa kidoleni kabla ya kuuzwa. Bangili hujaribiwa. Lakini fuvu la Bibi Mwembamba, yule Mtakatifu Mauti ambaye padri hataki kumsikia na nusu ya mtaa humwashia mishumaa, hung'arishwa kwa glavu na kubebwa kwenye kitambaa. Ngozi ya kwanza kuligusa ndiyo Mwembamba anayoijia. Herlinda alikuwa ameliagiza kwa ajili hiyo. Maradhi yalikuwa yamemla mifupani kwa miaka miwili, naye aliomba jambo moja tu: Mwembamba amjie taratibu, amchukue usingizini.

Kwenye ngazi za mawe Nabor alianza tena.

Alilia mpaka akakosa pumzi. Eufrasia alimhamishia kifuani, akamwimbia, akampapasa. Wapi! Akakaa kwenye ngazi, akakifungua kitambaa ili mtoto aone king'aacho. Aone tu.

Kidole kidogo kikanasa mkufu. Fuvu likaenda moja kwa moja mdomoni.

Kimya.

Eufrasia alijua amefanya nini. Alijua, na bado hakumnyang'anya. Ulikuwa utulivu wa kwanza kwa siku tatu, na utulivu ule ulikuwa mtamu... Dakika moja tu, alijiambia. Akamvisha mkufu shingoni asije akauangusha, akafumba macho kidogo.

Harufu ndiyo iliyomgutusha. Tumbaku. Maua ya manjano ya makaburini. Nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

“Umechoka, mama,” sauti ilinong'ona. “Lete nikupokee.”

Mwanamke mrefu alikuwa amesimama ngazi moja chini yake, mtandio umemfunika hadi puani. Siku nzima hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Eufrasia neno hilo. Machozi yakamlengalenga. Kabla hajajibu, mikono yake ilikuwa imeshamtoa mtoto.

Wakapanda pamoja. Nyayo za Eufrasia zililia juu ya mawe. Tap... tap...

Zake peke yake.

“Unaelekea wapi, dada?”

“Kwa Herlinda. Alinialika.” Mwanamke akamtazama Nabor kwa upole, jinsi mkunga anavyomtazama mtoto aliyempokea. “Lakini naona nimealikwa karibu zaidi.”

Eufrasia akamchungulia mtoto. Nabor alikuwa amelegea. Midomo yake ilikuwa na rangi ya fedha isiyong'arishwa.

“Nipe mwanangu.”

“Amelala. Nawe ulale. Si ndicho ulichokitaka?”

Lililomtisha zaidi ni kwamba mwanamke yule hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anamsaidia.

“Nilitaka alale,” Eufrasia alisema, sauti ikikatika. “Sikutaka asiamke. Kosa ni langu. Aliyekualika yuko pale juu, mlango wa bluu. Twende, tafadhali... twende.”

Hakuthubutu kumgusa. Alitangulia, huku akigeuka kila hatua kuhakikisha wanafuata.

Bibi Herlinda alikuwa ameketi kizingitini, mshumaa umewaka, sigara na kikombe cha pombe ya mezkali vimepangwa kando. Akatazama nyuma ya bega la Eufrasia. Hakushtuka. Alikunja uso kama mtu ambaye mgeni wake amechelewa chakulani.

“We Mwembamba! Miaka miwili nakuita, leo ndio unajifanya umepotea njia? Huyo hata meno hana. Utaongea naye nini?”

Moto wa mshumaa ulilala ubavu, wala upepo haukuwapo.

“Mimi ndiye niliyeagiza. Mrudishe kwa mamake. Njoo unywe.”

Bibi Herlinda akanyoosha hewani mkono wake uliokauka, akawa kama anamvua mtu kitu shingoni. Alipourudisha kifuani, mkufu wa fuvu ulikuwa kiganjani. Akauvaa, akashusha pumzi ndefu.

Na hapo Nabor akalia.

Alilia kifuani pa Eufrasia, ndani ya mbeleko, yu moto kama mkate. Eufrasia akageuka. Ngazi zilikuwa tupu hadi chini.

“Nenda kalale, mwanangu,” alisema Bibi Herlinda. “Nifungie mlango taratibu.”

Asubuhi walimkuta kitini, uso umetulia. Kikombe kilikuwa kitupu. Fidencio alimsogelea Eufrasia katikati ya waombolezaji.

“Ulilijaribu?”

“Mimi? Hapana, fundi.”

Fidencio akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akamvulia Eufrasia koti lake, akamfunika nalo mabegani.

Jambo moja Eufrasia hakumwambia mtu. Usiku ule, alipotaka kuifungua mbeleko, ilikuwa imefungwa kwa fundo ambalo yeye hajui kulifunga. Alilikata kwa kisu.

Nabor sasa ana meno manne. Bado analia. Ila kila jua linapozama, wakiwa kwenye zile ngazi za mawe, hunyamaza ghafla na kuinyoosha mikono yake miwili upande ule usio na mtu, kama mtoto anayemwona aliyewahi kumbeba vizuri.

Eufrasia humkumbatia kwa nguvu zote alizo nazo.

Lakini siku nyingine amechoka sana... na huhisi mikono yake inaanza kulegea.