Kikohozi cha Paka wa Mke Wangu

Jioni ile nilifunga duka la ushonaji mapema, nikamtia Kifungo kwenye kikapu cha vitambaa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Kifungo ni paka. Mke wangu alimpa jina hilo kwa sababu alipomwokota alikuwa kadogo, ka mviringo, na kila saa tulikuwa tukimtafuta chini ya meza.

Alikuwa na wiki tano anakohoa.

Daktari akaniuliza nilikuwa wapi wiki zote hizo. Nikamdanganya kwamba kazi zilinizidi.

Ukweli naona aibu kuusema. Kikohozi kile nilikijua. Viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu mguno mdogo, kama mtu anayetaka kuomba maji akaghairi. Ndivyo alivyokohoa mke wangu kwa miezi minne. Alfajiri moja nikaenda jikoni kumchotea maji, niliporudi alikuwa amenyamaza. Kifungo alikuwa amelala kifuani pake.

Wiki moja baada ya mazishi nilikisikia tena, kutoka chumbani. Nilikimbia na glasi mkononi, maji yakimwagika njia nzima. Nikamkuta paka.

Nikamwacha akohoe. Nyumba ilikuwa kimya mno, na ile ndiyo sauti pekee ya mke wangu iliyobaki. Mnyama anateseka, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nimekaa kitandani nasikiliza. Nilikuja kushtuka siku aliposhindwa kusimama.

Daktari alimsikiliza kifua, akammulika kooni kwa tochi. Akasema mapafu ni safi, haoni kitu. Akanipa chupa ya dawa ya maji.

Niliporudi dukani giza lilikuwa linaanza kuingia. Mlangoni alisimama mwanamke.

Nilianza kusikia harufu. Nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ikasahaulika kabatini. Kisha nikaona gauni lake, la buluu iliyokolea, na upindo ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Mishono midogo, iliyolala upande mmoja.

Mishono ya mke wangu.

Sisi mafundi tuna mwiko: nguo haishonwi ikiwa mwilini mwa mwenyewe. Fundi aliyenifundisha kazi alinizaba kofi kwa hilo. Lakini mke wangu alikuwa na huruma iliyopita kiasi. Siku moja nilikwenda kununua zipu, nyuma akaingia mteja mgeni, upindo umefumuka, ana haraka, hataki kuvua. Mke wangu akapiga magoti akamshonea pale pale, uzi kaubana midomoni kama tufanyavyo sote. Aliponisimulia alikuwa anacheka, eti miguu ya yule mama ilikuwa baridi kama sakafu.

Usiku huohuo akaanza kukohoa.

"Fundi..." mwanamke alinong'ona. "Uzi wangu umebaki kwenu."

Nilikuwa na maswali mia. Likatoka moja tu.

"Mke wangu..."

"Nimefuata uzi," akasema. "Uvute. Usiutie mdomoni."

Ndani ya kikapu, Kifungo akakohoa.

Kifupi.

Kifupi.

Kirefu...

Nilipiga magoti kizingitini nikafunua kikapu. Pembeni ya mdomo wake ilichungulia ncha ya uzi mwekundu. Nikaushika, nikavuta. Ulikuwa na unyevu, na joto. Ukaja shubiri moja, ukaja mbili, ukaja urefu wa mkono mzima, kisha ukakwama. Kifungo alikuwa anakwaruza hewa, kucha zimezama kwenye kiganja changu, macho yamenikodolea. Nikasikia kijifundo kimenasa kooni. Ilibidi mkono mmoja umfungue taya na mwingine uingie ndani.

Mikono miwili, na uzi juu yake. Miaka thelathini nimeshona. Mikono ikijaa, uzi una mahali pake.

Nikaubana midomoni.

Fundo likachomoka. Kifungo akavuta pumzi ndefu, safi. Na uzi... ukaanza kuingia. Nilibana meno, ukapita katikati yake. Nilitia kidole, ukateleza. Niliuhisi ukishuka kooni polepole, bila kusita, mpaka fundo nalo likapita.

Nilipoinua uso, mwanamke alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni ile ndiyo iliyonitisha kuliko kitu chochote.

"Na yeye nilimwambia," akanong'ona.

Nikageuka kumshika Kifungo aliyekuwa anaruka nje ya kikapu. Nilipotazama tena, kizingiti kilikuwa kitupu. Ilibaki ile harufu.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hafungi mpaka asione sindano, anaapa kwamba hakuona mwanamke yeyote. Aliniona mimi tu, nimepiga magoti naongea na kikapu. Alinitania wiki nzima. Sasa hatanii tena, kila siku ananisihi niende hospitali. Namwambia kesho.

Kifungo amenenepa. Dawa yake iko rafuni, hata kizibo sijafungua.

Watu wangejua wangesema nilisahau, mazoea ya kazi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo mwanzoni. Lakini onyo nililisikia, nililisikia vizuri kabisa, na kabla ya kuubana uzi ule niliwaza nyumba itakavyokuwa kimya usiku huo.

Jioni nakaa mkabala na kiti cha mke wangu. Nakohoa: viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu ule mguno. Kifungo anainuka alipolala, anakwenda mpaka kwenye kiti kile, anakaa chini yake na kutazama juu.

Nami nainuka, nachota maji, naweka glasi upande wa mke wangu. Safari hii nimewahi.