Viota Vitatu vya Fundi Randa

Kutwa nzima randa haikumtoka mkononi yule seremala, ndiyo maana watu walimwita Fundi Randa. Wiki ile bustani ya wanyama ilimpa kazi ya kutengeneza viota vya pengwini, wale ndege wa baharini wasioruka. Akatengeneza visanduku kumi na viwili, vyote vya kipimo kimoja.

"Baba watoto, kwani pengwini wote ni sawa?" mkewe aliuliza.

"Kuku ni kuku, pengwini ni pengwini."

"Wewe na ndugu yako mmetoka tumbo moja. Mbona viatu vyake havikutoshi?"

Fundi alicheka, akaendelea kupiga misumari. Mtunza ndege, mwanamke aliyeitwa Mama Barafu, alikuwa likizo. Fundi akavipanga visanduku mwenyewe, vingine katika chumba cha baridi, vingine nje kwenye mchanga, akaenda zake akijipiga kifua.

Baada ya siku nne aliitwa mbiombio. Mama Barafu alikuwa amerudi. Katika chumba cha baridi alimwonyesha yai lililopasuka sakafuni. Pengwini wawili walisimama kando ya yai hilo. Fundi aliona aibu mpaka akavua kofia.

"Hawa ni jentu," Mama Barafu alisema. "Waone, weupe juu ya macho, mdomo wa rangi ya chungwa. Hawaingii sandukuni. Hutaga mahali pa wazi, katikati ya duara la mawe madogo. Hapa hawakupata mawe, yai likaviringika."

"Basi nimewaharibia uzazi?"

"Bado. Hutaga mayai mawili. La pili litakuja baada ya siku tatu hivi. Utawahi?"

"Nitawahi, dada yangu. Na hawa wakubwa wenye rangi ya dhahabu shingoni?"

"Hao ni pengwini wafalme. Wanakaribia urefu wa mita moja. Hawajengi kitu. Hutaga yai moja, wakaliweka juu ya miguu na kulifunika kwa ngozi ya tumbo. Baba na mama hupokezana. Wanataka sakafu tambarare, wasijikwae."

"Sasa kazi yangu kwao ni ipi?"

"Kuondoa kazi yako."

Neno hilo lilimchoma. Hata hivyo alivitoa visanduku vyote mle ndani.

Nje, kwenye mchanga, walikuwapo pengwini wadogo. "Hawa ni pengwini wa Afrika," Mama Barafu alieleza. "Kwao ni pwani yenye jua kali, kwa hiyo huchimba mashimo ya kujikinga. Hawa ndio waliopenda visanduku vyako. Vifukie nusu, utoboe matundu ya hewa."

Fundi akafanya hivyo, na jioni ile alirudi nyumbani na kiroba cha mawe. Mkewe na binti yao waliyaosha moja moja. Kesho yake wote watatu waliyapeleka. Hawakuwa wamemaliza kuyapanga, jentu mmoja akaiba jiwe kwenye duara la mwenzake.

"Ala! Huyu kama jirani yetu na ndoo zangu!" mkewe alisema. Wakacheka mpaka machozi.

Siku ya tatu yai la pili lilitagwa. Liliviringika kidogo, likagonga jiwe, likatulia. Fundi alipiga kelele za furaha mpaka Mama Barafu akamziba mdomo.

Baada ya wiki tano hivi kifaranga cha jentu kilitoka, cha kijivu, kikilia njaa. Nje, vichwa vidogo vilichungulia kutoka kwenye visanduku. Watu walimiminika kuwatazama.

"Hawa wakubwa mmewanyima viota?" mgeni mmoja alilalamika.

"Ndugu yangu, tazama miguuni," Fundi Randa alisema. Pengwini mfalme mmoja alinyanyua tumbo kidogo, na yai likaonekana. "Kiota chao wanatembea nacho. Mimi nimewaachia nafasi tu, na hiyo ndiyo kazi iliyoniwia ngumu kuliko zote."

Mkewe alimgusa bega. "Kumbe kuku si kuku?"

"Mama watoto, wee acha tu," fundi alijibu, akavaa kofia yake. "Siku hizi nauliza kwanza, ndipo nakata mbao."