Mgeni wa Mama Mkubwa

Simu iliyozama ziwani haijifichi. Ukiifungua mfuniko wa nyuma unakuta mchanga kwenye kona, kutu kwenye mdomo wa chaji, na ile stika ndogo nyeupe ya kiwandani imegeuka nyekundu kwa kuguswa na maji. Atupele alikuwa amezifungua nyingi za namna hiyo pale kibandani kwake Kyela mjini. Kwa hiyo alipoifungua ya dada yake Marta akakuta ndani kukavu na stika nyeupe pee, alishangaa kidogo.

"Dada, hii ilizama kweli?"

"Si nimekwambia ilitumbukia tukitoka Ikombe na mtumbwi wa vyungu?" Marta alijibu upesi, macho yapo barabarani. "Wewe badilisha betri tu, mdogo wangu. Imevimba."

Alikuwa ameileta imefukiwa kwenye mchele, ndani ya chungu kipya, ati ikauke. Wakati wa kuagana akamkabidhi mdogo wake chungu kwa mikono miwili. "Mchele usiumwage. Ni wa Busale, wa msimu huu. Upike humu humu, mle wote, na wewe ule."

"Ndaga fijo, dada," Atupele akashukuru.

Sasa niambie, nani anakataa mchele wa dada yake? Tena dada mwenyewe Marta, aliyembeba Atupele mgongoni mama yao alipofariki, akauza vyungu sokoni Lyulilo juani na mvuani mpaka mdogo mtu akasoma ufundi! Na mwenyewe alikuwa na msiba wake. Bintiye wa pekee, Jubilate, alikuwa anaumwa ugonjwa usio na jina: anaamka nywele zimelowa chepechepe, anakaa ameelekea ukuta, anacheka na mtu asiyeonekana. Atupele alikuwa akimlilia mtoto yule kanisani kila Jumapili. Habari ya stika akaipuuza.

Jioni ile wali uliiva, haukunukia. Mchele wa Kyela, jamani! Mchele ambao ukichemka kwako, majirani wanameza mate kwao! Kilichotoka chunguni ni mvuke mzito wenye harufu ya tope la ziwani. Lakini watoto wake watatu walikula wakakomba chungu, na kitindamimba, Asifiwe, akalamba mwiko.

Kesho yake mvua ilishika mji tangu asubuhi, umeme ukakatika. Asifiwe alikuwa chini ya meza ya kazi, anachezea kava mbovu. Atupele alilegeza skrubu, akaibandua ile betri iliyovimba polepole isije ikawaka, akaiweka pembeni. Simu ikatetemeka. Betri iko huku, bodi iko kule, nayo inatetemeka mezani mpaka skrubu zinarukaruka.

Ikanyamaza. Chini ya meza Asifiwe akasema, kwa adabu, kama anavyowajibu wakubwa, "Ndiyo, tumeshiba."

"Unaongea na nani, mama?" Atupele akamuuliza mwanawe.

"Na mgeni wa mama mkubwa. Anauliza kama tulikula wote."

Atupele akainama amvute mwanawe, na mkono ulipogusa kile kichwa kidogo ukarudi umelowa, nywele zinachuruzika maji ya baridi yenye harufu ile ile ya tope, na alipotazama juu bati halikuwa likivuja popote, na alipotazama chini sakafuni akaona alama mbichi za nyayo zimetoka mlangoni mpaka chini ya meza, nyayo ndefu kuliko za mtu mzima yeyote aliyewahi kumjua, zimekwenda, na hazikurudi.

Akamkumbatia mwanawe huku moyo unamwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Ugonjwa huu aliujua. Ulikuwa wa Jubilate.

Siku zilizofuata Asifiwe akawa wa ukutani. Mwinjilisti Sylvester aliitwa, akaomba mpaka shati likamganda mwilini, kisha akamtoa Atupele nje na kumnong'oneza, "Mama Asifiwe, huyu hakuvunja mlango. Huyu amekaribishwa kwa chakula. Nani aliwalisha?"

Atupele akatazama njia iendayo kwa dada yake.

"Basi nenda kwake," mwinjilisti akasema. "Mimi nitakaa na watoto. Aliyemleta akimwita, atamfuata. Mwingine yeyote ataita bure."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Atupele alipanda bodaboda kwenda Lyulilo, chungu mapajani, simu iliyofumuliwa ndani yake bila betri, na njia nzima alikuwa akimtetea dada yake: pengine hakujua, pengine na yeye alidanganywa.

Alipofika, harufu ndiyo iliyompokea. Wali! Wali wa Kyela wenyewe ulikuwa unanukia kutoka jikoni kwa Marta mpaka njiani. Uani Jubilate alikuwa anaruka kamba, amesukwa vizuri, nywele kavu. Marta akatokeza, akakiona chungu, akamkwapua mtoto na kuingia naye ndani. Komeo likagonga.

"Dada, fungua."

Akagonga mlango kwa kiganja.

"Dada, mwite. Wanasema ukimwita wewe atarudi."

"Najua." Sauti ilitoka karibu kabisa, kama amebana mdomo kwenye ubao. "Niliambiwa hivyo hivyo."

Atupele akaketi kizingitini. Kumbe alijua! Alijua alipoifukia simu kavu kwenye mchele, alijua alipokishika chungu kwa mikono miwili, alijua aliposema na wewe ule.

"Asifiwe hanijui tena, dada. Namwita, ananitazama kama mpita njia. Ulinibeba mgongoni wewe! Ulinitafunia chakula sina meno! Mwite, nakuomba, tutatafuta dawa pamoja."

Nyuma ya mlango Marta alikuwa analia. Alilia kwa muda, kisha akapenga kamasi.

"Wewe unao watatu, Atupele," akasema. "Mimi ninaye mmoja."

Hatua zake zikaondoka mlangoni. Atupele akabaki amekaa kizingitini, hana hata chozi, na hapo ndipo chungu kilipoanza kutetemeka mapajani mwake. Hakutaka kuangalia ndani, lakini mama gani ataisikia sauti ya mwanawe asiinamishe sikio? Sauti ya Asifiwe ilikuwa inatoka chunguni, ya chini, yenye adabu.

"Mama, mgeni anasema mama mkubwa alimwambia tuko watatu. Anauliza, baada yangu ni nani?"

Ndani, Marta alikuwa anampakulia Jubilate wali.