Mlio Nyumbani kwa Kefa

Haya yalimpata rafiki yangu Kefa wa Matembwe, enzi za Mwingereza. Alikuwa akimsaidia mzungu mmoja kuchimba urani, mawe meusi mazito ambayo mashine yao iliyatambua kwa kulia tak-tak-tak. Siku hiyo waliyapeleka yote Makambako kwa lori, kisha wakarudi kwa Kefa kunywa chai. Ukungu ulitanda, na ndani kulikuwa giza. Emilia, mkewe mjamzito ambaye hakuwahi kukanyaga machimboni, alipoleta vikombe, mashine ikalia.

“Izime, bwana,” Kefa akasihi.

Mzungu akaizima, akatoa na betri. Emilia alikuwa amejishika tumbo, na mlio uleule ulitokea humo, taratibu, tak, tak.