Mutindi Si Mvivu

Wewe ulimwona. Usiangalie kando. Ulipita karibu na shamba la Kalunde asubuhi ile, ukaona mwanamke mjamzito ameegemea jembe, macho amefunga. Ukasema, "Poleni na kazi," ukaenda zako.

Maneno ya kuchoka tunayo mengi. Waliosoma wana yao ya Kiingereza: wako tired, wako exhausted, wako worn out. Kijana wa mji wa Wote akicheza mpira kidogo, anasema ameisha chaji kama simu. Hao wote tunawaambia pole. Mutindi alikuwa amechoka kuliko wote, na hatukumpa hata neno moja kati ya hayo. Yeye tulimwita mvivu.

Mutindi anaishi chini ya vilima vya Nunguni na mumewe, Kyule, na binti yao Kaveke. Akiamka anachota maji, anapika chai, halafu anaenda mwethya. Mwethya ni kazi ya zamu. Leo akina mama wote wanachimba matuta kwako, kesho kwangu. Ni kitu kizuri. Bila mwethya, mvua ingebeba mashamba yetu yote. Lakini kuna ubaya mmoja: anayeweka jembe chini anaimbiwa.

Kalunde ndiye huanzisha wimbo. Siku hiyo alimwangalia Mutindi, akaimba, "Huyu amekuja kuchimba, ama amekuja kuangalia mawingu?"

Wenzake wakaitikia. Wakacheka.

"Mwaitu, mama yangu, wacha nipumue kidogo," Mutindi akasema.

"Upumue! Mimi nilizaa asubuhi, jioni nikatwanga mahindi, nikapika muthokoi. Nyinyi wa siku hizi mliumbwa kwa karatasi?"

Mutindi akainua jembe. Macho yakaingia giza. Akaanguka ndani ya mtaro.

Wimbo ukakatika.

Wayua, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akichimba upande wa juu. Alikuja mbio. Walimbeba Mutindi hadi kivulini, wakamlaza kwa ubavu. Alipofungua macho, Wayua alivuta polepole ngozi ya chini ya jicho.

"Kalunde, kuja uone. Hapa ndani panafaa kuwa pekundu. Unaona nini?"

"Peupe," Kalunde akasema. "Peupe kama ugali."

"Basi huo si uvivu. Damu yake imepungua. Akizaa hivi, na damu imwagike, tutamzika. Ama umesahau Mbithe?"

Mbithe alitokwa na damu akizaa, akazikwa pamoja na mtoto wake. Mazishini tulisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sijasahau. Hata Mbithe tulimwimbia.

Mutindi alipelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Alipimwa damu na malaria, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Jioni Wayua alimfuata nyumbani.

"Na vile vidonge vya kwanza ulipewa kliniki, viko wapi?"

Mutindi akainamisha kichwa. "Nilitupa chooni. Vilifanya choo kiwe cheusi. Nilifikiri vinanichoma ndani."

"Choo kuwa cheusi ni kawaida, dada. Meza kila siku. Vikikutia kichefuchefu, meza ukimaliza kula. Tumia maji ama maji ya chungwa, lakini si chai. Chai inazuia dawa kuingia mwilini. Hata chakula, usikile na chai."

"Ala!" Kyule akaruka. "Sasa hata chai mmetukataza?"

"Kunywa, Baba Kaveke, nani amekushika mkono? Yeye angoje chakula kishuke kwanza."

Kisha Wayua akaona fundo kwenye leso ya Mutindi. Lilikuwa na mawe laini ya kutafuna, yale ya sokoni.

"Yananiita," Mutindi akasema kwa aibu.

"Hiyo hamu huja damu ikipungua. Mawe hayaongezi damu, na yana uchafu. Kula kunde, ndengu, na maini mkipata. Kamulia ndimu. Na wewe Kyule, maji utachota wewe."

"Watu watanicheka!"

"Wacha wacheke. Ama unataka walie?"

Kesho yake Kyule alibeba mtungi. Vijana wa bodaboda walimwita "bibi arusi". Akaendelea kubeba.

Na kwa mwethya uliofuata Kalunde alisimama mbele ya wenzake. "Wimbo ule umekufa," akasema. "Mwenye mimba atachagua mbegu akiwa ameketi. Na akisema amechoka, tutamuuliza kama amepimwa."

Mutindi alimeza vidonge kila siku, akajifungulia hospitali. Damu ilimwagika, lakini sasa alikuwa na damu ya kutosha. Alirudi nyumbani na miguu yake, mtoto wa kiume akilia kwa nguvu mikononi mwa nyanya yake.

Sasa wewe. Kwenu kuna mwanamke anayeshika ukuta akisimama. Unamjua kwa jina. Usiseme kesho. Usimwambie pole ukapita. Weka kitabu hiki chini, mshike mkono, umpeleke kliniki akapimwe damu. Inuka!