Niliazimisha Watoto wa Watu, Cheti Kikaenda kwa Jirani

Nina miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la saba, naishi Kawajense, Mpanda. Wanaonijua wanasema mimi ni mtu wa kucheka tu. Hawajui niliyoyafanya...

Nilikuwa nalea nyumbani watoto saba wa akina mama wanaouza sokoni Kashaulili. Ndoto yangu ilikuwa cheti cha ulezi. Nikitundike ukutani, niitwe mwalimu!

Yakaja mafunzo. Wiki tatu tulifundishwa kuchemsha maji, kupika uji wa lishe na kucheza na watoto. Mwisho mkaguzi angetutembelea majumbani, atukute na watoto tunaowalea.

Jirani yangu Sesilia, tuliyesoma naye mafunzo hayo, hakuwa na mtoto hata mmoja wa kulea. Asubuhi moja akaja analia.

"Mdogo wangu, leo mkaguzi anakuja kwangu. Niazime watoto wako. Zamu yako kesho, nimemuuliza mwenyewe."

Nikamwonea huruma. Niliwaogesha, nikampelekea kwa mikono yangu!

Saa sita mkaguzi akabisha hodi... kwangu. Akakuta mikeka mitupu. Nilipojieleza akasema, "Dada, mlezi gani anaazimisha watoto wa watu?" Cheti nikakikosa hapo hapo.

Sesilia alijua tangu mwanzo kwamba siku yetu ya kukaguliwa ilikuwa moja! Akapata cheti, na akina mama wakahamishia watoto kwake, wote saba. Tukikutana bombani ananicheka: "Usinune shoga, ulezi una wenyewe!"

Nikaapa kumkomesha. Nilikwenda sokoni nikamnong'oneza mama Kulwa, muuza maandazi, mmoja wa akina mama wale, kwamba Sesilia anawanywesha watoto dawa ya usingizi. Uongo mtupu! Siku tatu hazikuisha, watoto wote wakaondolewa kwake. Jamani, nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi!

Nikangoja watoto warudi kwangu. Hawakuja. Mama Kulwa akaniambia, "Nyie walezi mmesoma darasa moja. Nitajuaje na wewe huwanyweshi?"

Akawa anashinda na Kulwa sokoni, kando ya jiko. Mtoto wa miaka mitatu... Akavuta karai la mafuta ya moto. Mkono wote wa kulia ukaungua!

Sesilia sijamsamehe, siwadanganyi. Lakini wasomaji wenzangu, ukidhulumiwa, mfuate aliyekudhulumu, mseme usoni mchana kweupe. Kisasi chako usikipitishe kwa watoto!

Kulwa akiniona bado ananikimbilia anipakate. Mama yake ananishukuru kwa kumpenda mwanawe...

Mama Kulwa, ukisomewa haya, ujue maneno yale niliyatunga mimi.